Kabla ya kununua kigeuzi cha sauti, funga macho usikilize

Ndugu msikilizaji, juma hili nataka tuzungumze juu ya kisanduku kidogo kinachoweza kumla mtu fedha nyingi. Ukiingia katika duka la vyombo vya muziki utaonyeshwa amplifaya, utaonyeshwa spika, halafu muuzaji atakutolea kijisanduku cha bati chenye taa moja mbele. Atakwambia kwamba hicho ndicho kitakachoufumbua muziki wako. Kinaitwa DAC, yaani kigeuzi cha sauti ya dijitali. Vipo vya bei ya waya wa simu, na vipo vya bei ya gari kuukuu. Kwa zaidi ya miaka 40 wapenzi wa muziki wamekuwa wakibishana: je, vigeuzi hivi vinatofautiana kwa sauti, au vinatofautiana kwa bei tu?

Pengine utasema hayo ni mambo ya wenye nacho. Sivyo. Tuseme kijana ana kazi yake ya kwanza, amejibana miezi sita ili anunue muziki mzuri wa sebuleni. Akishauriwa vibaya, nusu ya akiba hiyo itaingia katika kisanduku, naye atabaki na spika mbovu zile zile. Ndiyo maana nimeona tulifungue jambo hili polepole.

Tuanze na kazi yenyewe ya kigeuzi. Sauti ni mtetemo wa hewa. Santuri za zamani ziliuhifadhi mtetemo huo kwa kuuiga: mfereji wa santuri unapindapinda kama sauti ilivyopindapinda. Dijitali haiigi, bali inapima na kuandika. CD, iliyoanza kuuzwa Japani mwezi Oktoba 1982 baada ya kampuni za Philips na Sony kukubaliana juu ya muundo wake, hulipima wimbi la sauti mara 44,100 kwa kila sekunde, kwa kila upande wa stirio. Kila kipimo huandikwa kwa moja kati ya namba 65,536. Muziki wote, gita, ngoma na sauti ya mwimbaji, unakuwa orodha ndefu ya namba.

Lakini spika haijui kusoma namba. Spika inaelewa umeme unaopanda na kushuka. Kwa hiyo lazima awepo mkalimani wa kuzigeuza namba ziwe umeme, na mkalimani huyo ndiye kigeuzi. Hapa kuna jambo ambalo wauzaji wengi hawalisemi: hakuna chombo cha dijitali kinachotoa sauti bila kigeuzi. Kimo ndani ya deki ya CD. Kimo ndani ya simu yako, ndani ya televisheni, ndani ya king'amuzi, na hata ndani ya ile sabufa yenye tundu la flashi. Mtu anayekwenda kununua kisanduku hicho hanunui kigeuzi cha kwanza. Ananunua cha pili, au cha tano. Basi anachopaswa kuuliza si kama kigeuzi kinahitajika, bali kama hiki kipya kinafanya kazi vizuri kuliko kile alicho nacho nyumbani, na kama sikio lake linaweza kuitambua tofauti hiyo.

Wapo wanaoamini kwamba sauti ya dijitali ni kama ngazi, imekatwa vipande vipande, na kwamba kigeuzi cha bei kubwa ndicho kinachozilainisha ngazi hizo. Picha hiyo inaingia akilini kwa urahisi, lakini si sahihi. Kumbuka hesabu za maumbo ulizosoma shuleni. Mtu akikupa nukta tatu ambazo haziko katika mstari mmoja, akakwambia zimo katika duara, kuna duara moja tu linaloweza kupita katika nukta zote tatu. Huhitaji nukta elfu. Ukiwa na tatu, duara zima unalo, bila pengo wala ngazi.

Mawimbi ya sauti nayo yana kanuni inayofanana na hiyo. Harry Nyquist aliionyesha misingi yake mwaka 1928, na Claude Shannon akaitolea uthibitisho kamili mwaka 1949. Wote wawili walikuwa wataalamu katika kampuni za simu za Bell huko Marekani. Kanuni inasema kwamba ukilipima wimbi zaidi ya mara mbili ya kasi ya mtetemo wake wa juu kabisa, unaweza kulirudisha wimbi lote. Sikio la kijana mwenye afya husikia mitetemo kuanzia 20 hadi 20,000 hivi kwa sekunde, na jinsi umri unavyosonga ndivyo ile ya juu inavyotoweka. Wengi waliovuka miaka 50 hawafiki hata 15,000. Mara mbili ya 20,000 ni 40,000. CD ikachukua 44,100 ili kubaki na nafasi kidogo. Ndani ya kigeuzi kuna chujio linaloondoa kila kitu kisichostahili kuwepo juu ya mpaka huo, na kinachotoka kwenye waya ni wimbi laini, si ngazi.

Hata hivyo, mgala muue na haki yake mpe. Wale walioanza kulalamika juu ya sauti ya CD miaka ya 1980 hawakuwa wakiota. Machujio ya wakati ule yalikuwa magumu kutengeneza, kwa kuwa yalitakiwa kupitisha sauti zote za chini ya 20,000 na kuzizuia ghafla zilizo juu kidogo tu ya hapo. Deki ya kwanza ya Sony, CDP-101, ilikuwa na kigeuzi kimoja kilichohudumia pande zote mbili za stirio kwa zamu. Philips nao walianza na kigeuzi cha biti 14 badala ya 16, lakini wakabuni njia ya kuzizidisha namba mara nne kabla ya kuzigeuza, ili chujio lifanye kazi nyepesi. Njia hiyo ilishinda. Mwishoni mwa miaka ya 1980 vikaja vigeuzi vya biti moja vinavyofanya kazi kwa kasi kubwa sana, vya bei nafuu na vyenye makosa madogo. Tangu hapo bei ya kigeuzi kizuri imekuwa ikiporomoka. Mwaka 2016 kampuni ya Apple ilianza kuuza kiwaya cha kuunganisha simu na spika za masikioni kwa dola 9 za Marekani. Ndani ya kiwaya hicho mna kigeuzi kamili, na makosa yake ni madogo kiasi kwamba ni vigumu sikio kuyakamata katika muziki.

Sasa, kama ndivyo, mbona watu wengi waaminifu huapa kwamba wamesikia tofauti kubwa? Sababu ziko tatu, na hakuna hata moja inayohitaji kumwita mtu mwongo.

Sababu ya kwanza ni ukubwa wa sauti. Sisi watu wa redio tunalijua hili vizuri. Stesheni inayosikika kwa nguvu kidogo kuliko jirani zake huonekana kuwa ndiyo safi zaidi, na ndiyo maana mafundi mitambo wa stesheni nyingi hushindana kuijaza sauti. Deki za CD kwa kawaida hutoa umeme wa volti 2 pale muziki unapofikia kilele. Kigeuzi kinachotoa volti 2.5 kitakuwa juu kwa takriban desibeli 2. Hapo msikilizaji hasemi kwamba hiki kina sauti kubwa. Husema kina sauti pana, besi nzito na mwimbaji yuko karibu. Muuzaji anayekusikilizisha visanduku viwili bila kuvilinganisha volti hajakuonyesha ubora wowote.

Sababu ya pili ni kumbukumbu. Sikio hulinganisha vizuri sauti mbili zinazofuatana papo hapo, lakini mambo madogo ya sauti husahaulika upesi. Ukisikiliza wimbo, ukainuka kuchomoa nyaya na kuchomeka nyingine, halafu ukarudi kitini baada ya dakika tano, huilinganishi tena sauti na sauti. Unailinganisha sauti na hadithi uliyojisimulia.

Sababu ya tatu ni macho. Tunasikia kwa ubongo, na ubongo hupokea habari kutoka kila upande. Ukijua kwamba chombo hiki kimekugharimu mshahara wa miezi miwili, utasikia miezi miwili ndani yake. Hiyo si dosari yako peke yako. Hata mabingwa hutegwa na jambo hilo, na ndiyo sababu wachunguzi wa kweli hufunika vyombo.

Vipimo vya namna hiyo vipo. Mwaka 2007 Brad Meyer na David Moran wa Boston, Marekani, walichapisha matokeo ya jaribio lililowachukua muda mrefu. Walichukua rekodi za kiwango cha juu kuliko CD, wakawasikilizisha watu mara zikija moja kwa moja, mara zikipitishwa kwanza katika mtambo wa kuzigeuza kuwa kiwango cha CD na kuzirudisha. Msikilizaji hakuambiwa ipi ni ipi. Katika majaribio 554, waliopatia walikuwa 276, yaani asilimia 49.8. Ukirusha shilingi hewani utapata karibu vivyo hivyo. Ni pale tu walipopandisha sauti kupita kiasi katika ukimya ndipo uvumi mdogo wa mtambo uliposikika.

Upande wa pili nao una hoja. Mwaka 2016 Joshua Reiss wa Chuo Kikuu cha Queen Mary, London, aliyakusanya majaribio 18 ya watafiti mbalimbali juu ya rekodi za kiwango cha juu, yenye wasikilizaji zaidi ya 400 na majibu zaidi ya 12,500. Kwa jumla waliopatia walikuwa asilimia 52.3, na miongoni mwa waliopewa mafunzo ya kutosha, asilimia 60 hivi. Kwa hiyo huenda kipo kitu, lakini ni kidogo, na kinahitaji sikio lililofundishwa. Si kile kitu cha kumfanya mkeo atoke jikoni kuuliza umenunua nini.

Pengine utauliza: mimi nitajuaje kwa masikio yangu mwenyewe? Njia ipo, na haina gharama. Kama deki yako ya CD ina tundu la kutolea sauti ya dijitali, iunganishe na amplifaya kwa njia mbili kwa wakati mmoja. Nyaya za kawaida ziingie tundu la CD. Hizo zinabeba sauti ya kigeuzi kilichomo ndani ya deki. Waya wa dijitali uende kwenye kisanduku kipya, na kutoka hapo nyaya ziingie tundu la AUX. Sasa unaweza kuhama kutoka kimoja kwenda kingine kwa kuzungusha swichi moja, huku wimbo ukiendelea.

Kisha linganisha ukubwa wa sauti, na usitumie sikio kufanya hivyo. Tafuta mita ya kupimia volti, ile wanayotumia mafundi redio, na CD yenye mlio wa kupimia wa mitetemo 1,000 kwa sekunde. Uache mlio huo ulie kwa sauti ya wastani, weka mita kwenye volti za AC, pima penye vishikizo vya spika, ukiwa mwangalifu nyaya mbili zisigusane. Kama njia moja inaonyesha volti 2.00, nyingine nayo irekebishwe hadi isizidi 2.02 wala kupungua 1.98. Kama kisanduku hakina kitasa cha sauti, weka alama kwenye kitasa cha amplifaya kwa kila njia.

Baada ya hapo mwite mtu akusaidie. Yeye arushe shilingi mara 16 kabla hamjaanza na kuandika: kichwa ni deki, upande wa pili ni kisanduku. Wewe kaa umeipa swichi mgongo. Yeye afuate orodha yake bila kusema neno wala kuguna, na kila mara aguse swichi na kitasa hata kama habadili kitu, ili mlio wa vidole vyake usikupe siri. Wewe andika unachodhani. Unaruhusiwa wakati wowote kuomba usikilizishwe kila kimoja kwa jina lake, ujikumbushe. Mwisho linganisheni karatasi. Ukipatia 12 au zaidi kati ya 16, kuna uwezekano mkubwa kwamba unasikia tofauti ya kweli, maana anayebahatisha hufika hapo takriban mara 4 tu katika kila 100. Ukipata 8 au 9, fedha zako zibaki mfukoni.

Simaanishi kwamba kigeuzi cha nje hakina faida kamwe. Zipo kompyuta ambazo kigeuzi chake cha ndani kinaokota kelele za mashine yenyewe, ukisogeza kipanya unasikia mkwaruzo katika spika. Zipo simu ambazo umeme wake ni mdogo mno kwa spika kubwa za masikioni. Ipo pia ile mingurumo inayotokea vyombo viwili vilivyochomekwa katika soketi tofauti vinapounganishwa. Hiyo waya wa dijitali wa mwanga huiondoa mara nyingi, kwa sababu haupitishi umeme. Kuzijua kasoro hizo ni rahisi. Weka sauti pale unapoiweka siku zote, usicheze muziki wowote, kisha sogeza sikio karibu na spika. Kama unasikia mvumo au mkwaruzo hata ukiwa umekaa kitini, una sababu ya kununua kigeuzi, na cha bei ya chini kinatosha. Kama ni kimya, ugonjwa wa muziki wako uko mahali pengine.

Na mahali penyewe panajulikana: spika na chumba. Spika inaweza kuongeza makosa ya asilimia nzima katika besi, wakati kigeuzi cha kawaida kinaongeza sehemu ndogo sana ya asilimia. Sebule zetu nyingi zina kuta za saruji, sakafu ya vigae na madirisha ya vioo. Sauti inagonga huku inarudi huku, na besi inaweza kupanda au kushuka desibeli 10 kwa kuhama tu kiti kimoja kwenda kingine. Vuta spika mbali na pembe ya ukuta, ziinue zilingane na masikio, tandika zulia au hata mkeka mnene, tundika mapazia mazito. Fanya hayo kwanza, kwani mengi kati yake hayana bei. Tofauti utakayoipata hutahitaji shilingi ya kurusha ili kuijua.

Liko jambo la mwisho, nalo kwangu ndilo zito kuliko yote. Kigeuzi hutafsiri alichopewa. Hakiwezi kurudisha kilichopotea. CD hubeba biti 1,411,200 kila sekunde. Wimbo uliobanwa kwa mtindo wa MP3 wa biti 128,000 umebakiwa na sehemu moja tu kati ya 11 ya habari hizo. Ndivyo zinavyozunguka mitaani nyimbo nyingi za bendi zetu za zamani. Zilirekodiwa katika studio ya Redio Tanzania Dar es Salaam kwenye kanda kubwa, watu wakazinakili redioni kwa kaseti, kaseti ikanakiliwa kwa kaseti, kisha mtu akazibana katika flashi. Mlimani Park iliyoanza mwaka 1978 hukuiacha studio ikisikika kama inapiga ndani ya pipa. Pipa limeongezwa njiani.

Kwa hiyo, kama una kaseti za harusi ya wazazi wako, za taarabu ya mtaani au za sauti ya babu akisimulia, hapo ndipo kigeuzi kinastahili fedha yako, maana safari hii kinakwenda upande wa pili, kutoka kanda kwenda namba. Kanda inachakaa kila mwaka na haitakusubiri. Mpe fundi asafishe hedi ya deki kwa spiriti na kuirekebisha ikae sawa na kanda hiyo. Rekodi kwa biti 24, usiache sauti igonge kilele, kwa sababu dijitali ikijaa hupasuka na haitengenezeki. Hifadhi katika faili la WAV au FLAC, usilibane, na uweke nakala mbili katika nyumba mbili. Kazi hiyo ikifanywa vizuri mara moja, wajukuu wataisikia sauti ile ile.

Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Kisanduku kikiwa na sauti nzuri kweli, kitajitambulisha hata ukiwa umekipa mgongo. Kwa leo naishia hapo. Tukijaaliwa, tukutane tena juma lijalo.